Saa Kumi na Dakika Nne

Nyumbani
Jumatano, 3 Juni

Kitinda,

Hujambo huko wodini? Dereva wa gari la mashuka ya hospitali, atakayekubebea barua hii, kaniambia umeongeza nyama mashavuni na unabishana na manesi, nikajua unapona. Mgonjwa mahututi habishani.

Nakuandikia kwa jambo la mama. Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, sauti imekwenda. Akili na mkono wa kushoto viko palepale. Juzi nilimpa chai isiyo na sukari akanikazia jicho mpaka nikarudi jikoni mwenyewe. Taabu yetu ni kuitana. Kengele nilimpa, lakini nikiwa chumba cha mbele na cherehani inakwenda, siisikii hata ningepigiwa sikioni. Wiki iliyopita nilimkuta ameteleza nusu kitandani, midomo imekauka kwa kiu, na mimi nilikuwa hatua kumi na tano tu, napinda marinda ya watu. Nililia. Yeye ndiye aliyenifuta machozi.

Kabla hujalazwa uliniambia unaweza kutengeneza kitu: mama anabonyeza simu yake chumbani, mimi naona kwenye kompyuta yako huku mezani. Kompyuta ipo, nimeifunika kitambaa. Simu yake ya zamani ipo. Fundi ndiye hayupo, na huko mtandao haufiki nikakupigia. Basi nifundishe kwa barua. Mimi nilijifunza kukata koti kwa kulitazama koti la mtu aliyesimama mbele yangu kwenye foleni. Sitashindwa na hiki.

Na dawa za kifua kikuu umeze. Umeshatoroka mara moja ukarudi umebebwa, na daktari alitwambia wazi kwamba ukikatisha tena hana dawa nyingine ya kukupa. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako nitalivuta mwenyewe.

Dada yako


Wodini
Jumamosi, 6 Juni

Dada,

Ubishi wangu na manesi ni wa haki. Wanasema uji wao una maziwa.

Kitu chenyewe kinaitwa Flask. Kinaandikwa kwa Python, na nilishakiweka kwenye kompyuta, hutapakua chochote. Nakuchagulia hiki kwa sababu ni chepesi. Iko mifumo mingine ya kujenga tovuti inayokuletea nyumba nzima na samani zake kabla hujasema unataka nini. Flask inakupa mlango tu, halafu inakuuliza: mtu akibisha hapa, nimjibu nini? Basi.

Fungua faili jipya, liite app.py, unakili hivi hivi:

from flask import Flask
app = Flask(__name__)

@app.route("/njoo")
def njoo():
    return "Nakuja, mama"

app.run(host="0.0.0.0")

Mstari wa return uanze baada ya nafasi nne. Si tatu, si tano. Najua wewe hupima kwa jicho. Python haina jicho hilo. Mstari wenye alama ya @ ndio njia. Mama akibonyeza, simu yake inaomba /njoo, Flask inatafuta njia ya jina hilo, inafanya kazi iliyoandikwa chini yake, kisha inamrudishia maneno. Usimrudishie ukurasa mtupu, atadhani hajasikika. Arudishiwe hilo neno, Nakuja, kwa herufi kubwa, atulie. Tengeneza na nyingine mbili kwa mtindo huo huo, /maji na /geuza. Ukurasa wake wenye vitufe vitatu nimeuandika kwenye karatasi ya pili.

Zile sufuri za mwisho usiziache. Bila hizo kompyuta inajisikia yenyewe tu, kwa anwani yake ya ndani, 127.0.0.1. Ukiziweka, itaisikia na simu ya mama kupitia kile kisanduku cha mtandao juu ya kabati.

Kisha kwenye lile dirisha jeusi andika python app.py, na usilifunge. Kila ombi litaacha mstari humo: limetoka anwani gani, saa ngapi, njia gani, na namba. 200 ni kwamba njia imepatikana na mtu kajibiwa. 404 ni kwamba hakuna njia ya jina hilo. Saa zake zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane, kwa hiyo 16:00 ni saa kumi yetu ya jioni.

Nina ombi moja. Katika kila barua ninakilie mistari hiyo, yote, bila kuruka. Nikiisoma nitajua siku ya mama imekwendaje. Wewe nakujua, utanificha mabaya ili nisiumie. Dirisha jeusi halijui kuficha.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani
Jumatano, 10 Juni

Kitinda,

Imekubali! Siku tatu imenigombeza kama mama mkwe. Mara mstari wa sita, mara mabano sikufunga. Mstari wa return nilikuwa nimeuanza ukingoni bila nafasi, nikabisha, nikachukua rula nikapima juu ya kioo. Ikanishinda. Nikaweka nafasi nne, ikanyamaza, ikaanza kazi.

Mama alibonyeza Njoo nikaenda mbio, nikakuta hana shida yoyote. Nikarudi kwenye cherehani, akabonyeza tena. Mara kumi na moja. Mara ya mwisho nilimkuta anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yanamtoka, na kile kioo kimeandika Nakuja, mama. Sijamwona akicheka tangu Machi. Mungu akuweke.

Mistari ya jana nakuandikia kwa kifupi, anwani nimeziacha kwa kuwa zote ni za simu yake:

08:15 /maji 200
10:02 /geuza 200
12:40 /maji 200
14:11 /geuza 200
15:30 /njoo 200 (alitaka nimfungulie dirisha)
17:05 /maji 200

Wateja wananiuliza hiyo kompyuta ya nini. Nawaambia nimekuwa mhandisi.

Dada yako


Wodini
Jumamosi, 13 Juni

Mhandisi,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, wodi nzima imecheka na kukohoa. Mzee wa kitanda cha pili anaomba na yeye atengenezewe, kitufe kimoja tu, cha Uji Mwingine.

Zimebaki siku sitini na tatu. Natoka tarehe 15 Agosti nikimeza zote. Nameza. Lakini nakwambia mapema, usije ukasema hukuonywa: ukiona mama anazidiwa, niambie siku hiyo hiyo. Nitashuka na gari la mashuka, nitajifunika mashuka machafu kama itabidi. Sitakubali mama aondoke mimi nimelala huku nahesabu vidonge. Mwambie Kitinda anakuja.

Mdogo wako


Nyumbani
Jumatano, 24 Juni

Kitinda,

Samahani kwa kimya cha wiki iliyopita, gari lilinipita. Sisi hatujambo. Mama yupo, anapumzika sana siku hizi. Uji anakunywa.

Mistari uliyoomba:

Tarehe 17
09:12 /maji 200
11:00 /geuza 200
13:05 /maji 200
15:50 /njoo 200

Tarehe 18
08:40 /maji 200
12:10 /geuza 200
16:04 /njoo 200
16:05 /njoo 200
16:07 /njoo 200
16:09 /njoo 200

Tarehe 19
16:04 /njoo 200
16:05 /njoo 200
16:07 /njoo 200
16:09 /njoo 200

Tarehe 20 mpaka jana ni kama tarehe 19.

Nina swali la kiufundi. Simu inaweza kuita yenyewe, bila mtu kuigusa? Nauliza tu.

Umeze dawa, tafadhali.

Dada yako


Wodini
Jumamosi, 27 Juni

Dada,

Inaweza. Ukurasa ukiachwa wazi, simu ikizimika kioo na kuwaka, kivinjari huomba tena kilichoomba mwisho. Ila haitachagua dakika zilezile nne kila siku. Hata mtu hawezi. Mama mwenyewe, hata angetaka kukutania, hawezi kubonyeza kwa saa namna hiyo.

Nitazamie anwani iliyo mwanzo wa kila mstari. Simu yake ni 192.168.1.14. Kama ni hiyo, tatizo ni simu.

Na mimi nina swali lisilo la kiufundi. Tangu tarehe 19 mama hajaomba maji. Hajaomba kugeuzwa. Siku tano, dada. Nani anamgeuza?

Kitinda


Nyumbani
Jumatano, 1 Julai

Kitinda,

Namgeuza mwenyewe kwa saa, hana haja ya kubonyeza. Maji nampa kwa kijiko. Usinihoji kama polisi.

Anwani nimetazama. Si ya simu. Ni 127.0.0.1, ile uliyosema ni kompyuta kujisikia yenyewe. Nikasema labda simu inadanganya. Nikaizima, nikatoa betri, nikaitia kwenye droo la nyuzi. Saa kumi na dakika nne mistari ikaja. Nikachomoa kisanduku cha mtandao. Ikaja. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta mikono yangu iko mapajani, naitazama inavyojiandika, mmoja, halafu wa pili, halafu kinapita kile kimya cha dakika mbili, wa tatu, kimya tena, wa nne.

Jana nilifuta njia ya /njoo kwenye faili, nikaanzisha upya. Ikaja hivi:

16:04 /njoo 404
16:05 /njoo 404
16:07 /njoo 404
16:09 /njoo 404

Nikajisikia nimemfungia mlango usoni. Sikuweza kuvumilia, nikairudisha.

Niambie ni nini. Wewe ndiye unayeijua mashine hii. Niambie ina ugonjwa gani.

Dada yako


Wodini
Jumamosi, 4 Julai

Dada,

Mashine haina ugonjwa.

Mama alikufa Alhamisi tarehe 18 Juni, jioni, baada ya saa kumi na dakika tisa. Njia ya mwongo ni fupi. Uliniandikia uongo kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ukaninakilia ukweli, mstari kwa mstari, kama nilivyokuagiza. Simu ya mgonjwa haitiwi kwenye droo la nyuzi.

Nimelia mpaka nesi akaniletea hewa ya mtungi. Nimekuchukia siku mbili nzima, sikufichi. Wiki mbili unaniambia anakunywa uji! Hata kumzika sikujua.

Na mara nne kwa dakika tano. Ulikuwa hatua kumi na tano. Ulikuwa wapi?

Halafu jana nikakumbuka kitu kikanikata maini. Kwamba neno lile ni langu. Mimi ndiye niliyekwambia mashine imjibu Nakuja, hapo hapo, kabla mtu yeyote hajanyanyuka kwenye kiti. Sikukwambia ungoje mpaka umeona. Ungeachwa ukurasa mtupu, labda angepiga kengele, labda angeangusha kikombe. Sisi tulimtuliza. Nilimdanganya mama yangu kwa mkono wako.

Siwezi kulala tena kwenye kitanda hiki. Mfuko nimeshaufunga. Jumamosi ijayo gari likishuka nitakuwa ndani yake. Usinijibu kuhusu dawa.

Kitinda


Nyumbani
Jumatano, 8 Julai

Kitinda wangu,

Nitakujibu yote, ila kwanza: usipande gari. Nakupigia magoti. Nilidanganya kwa sababu ya ile barua yako ya mashuka machafu, na dereva nikamwapisha anyamaze. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja, nikasema wa pili simpi. Kama kosa, ni hilo, na ningelirudia.

Sasa lile swali lako, ulikuwa wapi. Nilikuwa napachika mkono wa koti. Mteja amesimama mbele yangu amelivaa, pini ziko mdomoni mwangu. Mstari wa kwanza niliuona. Nikasema moyoni ni michezo yake, ameshajibiwa, anajua nakuja. Wa pili niliuona pia. Wa tatu sikutazama. Nikamaliza bega. Nilipoingia ilikuwa saa kumi na robo, simu iko kifuani kwake na maandishi bado yanawaka, Nakuja, mama. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Sijamwambia mtu mwingine yeyote duniani.

Basi barua yako ilipofika nilifanya jambo moja. Jumapili, saa kumi ilipokaribia, niliacha cherehani, nikaenda chumbani kwake, nikakaa kitandani mpaka robo ikapita. Nilienda tu. Nikarudi kutazama dirisha, na ile mistari minne haikuwepo. Ulikuwepo mmoja:

16:04 /kitinda 404

Njia hiyo sijawahi kuiandika. Sasa anakuulizia wewe, na anaambiwa hakuna wa jina hilo.

Usiku kucha nilikuwa naogopa atakuchukua. Nikawaza nimwandikie Nakuja, kama zamani, atulie. Vidole vikakataa. Tulishamwambia hivyo mara nne. Jumatatu asubuhi nikafungua faili, nikamwandikia ukweli mtupu:

@app.route("/kitinda")
def kitinda():
    return "Hayupo hapa, mama. Yuko hospitali, wodi ya mwisho karibu na geti. Bado siku arobaini amalize dawa."

Nafasi nne, nilizihesabu mara mbili. Jioni ikaja 16:04 /kitinda 200. Mmoja tu. Na jana hakikuja kitu kabisa, nilikaa mpaka saa kumi na mbili. Nyumba imetulia, Kitinda. Nimelala kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Nadhani alitaka kujua ulipo tu, kama mzazi yeyote.

Baki huko. Nisamehe ukiwa mzima.

Dada yako


Wodini
Jumamosi, 11 Julai

Dada,

Nimekusamehe. Nalitanguliza hilo kwa sababu gari linapakiwa na dereva hana subira.

Sikupanda. Sitapanda. Usishangilie, soma mpaka mwisho.

Jumanne, siku moja kabla barua yako haijafika, nesi wa zamu ya mchana alikuja kuuliza kama kuna mtu wodi hii anaitwa Kitinda. Hapa nimeandikishwa kwa jina la baba. Hilo jingine mnanijua nalo wewe na mama tu. Huwa nalikunja pamoja na barua zako chini ya godoro. Nikamuuliza nani anamtaka. Akasema kuna mama getini, ametoka mbali, hasemi, mdomo umemkaa upande. Ameandika kwenye daftari la wageni kwa mkono wa kushoto. Akanionyesha. Mgeni wa: Kitinda. Muda wa kufika: 16:04.

Nesi alimweleza kwamba wodi hii haiingiwi na wageni, wagonjwa wake wanatoka wakimaliza dawa, na wa mwisho kutoka ni wa kitanda cha dirishani, tarehe 15 Agosti. Mama yule akatikisa kichwa kukubali. Akaenda kukaa kwenye benchi la wageni.

Amekuja Jumatano, Alhamisi na jana. Jina lile lile, muda ule ule. Jana nilichungulia. Benchi liko chini ya dirisha langu, kando ya njia ya kutokea, na hata gari la mashuka hupakiwa hapo hapo. Nilimwona kwa mgongo. Khanga ya kijani, ile uliyomkatia pindo. Mkono wa kushoto ulikuwa unapapasa benchi, ile nafasi iliyo kando yake, kama vile alivyokuwa akituita tukae nilipokuwa mdogo. Dada, sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha sasa. Nilijikuta mlangoni nimeshika kitasa, miguu mitupu, na furaha tele. Mzee wa kitanda cha pili ndiye aliyenishika shati.

Kwa hiyo nameza dawa. Nameza mbele ya nesi, nafungua mdomo aone. Kila siku ninayoongeza humu ndani ni siku ambayo sipiti pale.

Lakini tarehe 15 Agosti itafika, na hawatanibakiza hata nikililia. Wanaotoka hupewa karatasi zao jioni, saa kumi kamili, kisha mlango huu hufungwa na mtu hushuka peke yake mpaka getini. Usimtume dereva. Uje mwenyewe. Acha koti la yeyote, lina bega au halina. Fika mapema, fika mchana, ukae kwenye lile benchi, ile nafasi ya kando, ili nikitoka niikute ina mtu.

Mdogo wako,
Kitinda